Wasifu wa Mzee Kashinje

Upepo wa Juni ulikuwa unapuliza soko zima la Sumbawanga, na turubai za wauzaji zilipigapiga kama zinataka kuondoka. Kabula alikuwa amesogeza rekoda karibu na mdomo wa mama muuza maharage.

"Mama, bei ya mwezi huu ikoje?"

Kabla mama hajajibu, mwanaume mmoja alipenyeza kichwa katikati yao. "Nipimie haya ya njano, mama, ila usinipimie na mawe."

Kabula alizima rekoda. "Kaka, umeingia kwenye sauti yangu."

"Samahani, dada. Nitokeje sasa?"

"Umeshaingia. Mkoa mzima utajua unaogopa mawe."

Mama muuza maharage alicheka, na yule mwanaume naye akacheka. Alivaa koti la kijani lililopauka, mfuko wa kifuani umejaa kalamu. Kabula alikuwa na sweta nene la rangi ya haradali juu ya gauni la kitenge, na kilemba kilichofungwa haraka haraka. Wote wawili walikuwa na macho ya watu waliolala kidogo.

"Wewe ni Kabula wa redio," alisema. "Sauti yako naijua. Mimi Eustace. Ninaandika."

"Unaandika nini?"

"Chochote kinacholetwa."

Hivyo ndivyo Kabula alivyoanza kufanyia kazi zake kwenye chumba cha Eustace na wenzake, nyuma ya duka la vifaa vya shule, karibu na stendi. Wote pale walikuwa waandishi wa kujitegemea, maana yake hakuna aliyewaajiri na hakuna aliyewapa likizo. Obed aliandikia mashirika ripoti zao na mitandao habari za mpira, na ndiye aliyesahihisha kazi za wenzake. Winifrida alipiga picha za harusi na kutengeneza vitabu vya ibada za mazishi. Eustace alituma makala magazetini, ila mjini alijulikana kwa kazi nyingine. Aliandika wasifu wa marehemu, yale maisha ya mtu yanayosomwa msibani kabla ya jeneza kuondoka. Familia zilimgongea alfajiri zikiwa bado zinalia, zikitaka karatasi iwe tayari kabla ya adhuhuri.

Mapenzi yao hayakuwa na mbio. Yalianza kwa chai ya tangawizi na simu za jioni.

"Umekula?"

"Sijala. Nina mtu wa kumzika kesho."

"Eustace, mpenzi, hao wameshashiba. Kula wewe."

"Sawa, mama mkubwa. Na wewe lala. Leo kwenye taarifa umepiga miayo."

"Sikupiga."

"Nimekusikia. Ulimeza neno 'halmashauri' lote."

Siku za Jumapili Eustace alimsindikiza Kabula mpaka kwao Milanzi. Huko Kabula aliishi na baba yake, Mzee Kashinje, mfugaji wa Kisukuma aliyekuja Rukwa kijana na kuzeekea hapo. Mzee alimtania Eustace, aliyekuwa Mfipa, kwamba Wafipa wanapenda ulezi kuliko wanavyopenda watu. Eustace alimwuliza habari za safari zake za zamani, naye mzee alisimulia huku anakohoa.

Kikohozi kile hakikupona. Baridi ilipozidi, mzee alilazwa.

Katika wiki hiyo ya kulazwa, Kabula alitumwa Namanyere kurekodi kikao cha baraza. Mchana, simu yake ililia ujumbe. Ulikuwa wa Obed, kwenye kundi lao la WhatsApp. "Pole sana dada yetu Kabula kwa kuondokewa na baba." Chini yake Winifrida alikuwa ameweka picha ya mshumaa.

Alimpigia Eustace. Simu ilikuwa imezimwa. Alimpigia kaka yake Limbu, naye alikuwa machungani, hapatikani. Alipanda basi la kurudi akiwa hana hata kitambaa cha kufutia macho, akatumia mkono wa sweta lake.

Alipoingia wodini alimkuta baba yake ameketi kitandani, anakunywa uji.

Mzee alishusha kikombe. "Mbona umelia hivyo? Nani kafa?"

Kabula alikaa pembezoni mwa kitanda akamshika mguu, ule mguu wa moto chini ya blanketi, akautazama tu.

Eustace alifika jioni akikimbia. Alikuwa Mpui akisoma wasifu kwenye mazishi, ndiyo maana simu aliizima. Walikutana nje, penye bomba la maji.

"Obed ameyatoa wapi maneno yale?"

"Nilimtumia kazi zangu asahihishe. Na wasifu wa mzee ulikuwamo. Nilisahau kuutoa. Obed akadhani..."

"Obed hakuuliza. Siku zote anatuambia tuthibitishe kwanza, yeye hakuuliza. Lakini Obed hakuandika. Wewe uliandika lini?"

Eustace alitazama viatu vyake vyenye vumbi la Mpui. "Jioni aliyolazwa."

"Mimi natafuta blanketi la kumfunika, wewe unatafuta maneno ya kumzikia."

"Kabula, watu wengi nimewaandika vibaya kwa haraka. Baba yako sikutaka nimwandike kwa haraka."

"Baba yangu alikuwa anapumua."

Kabula aliingia ndani, na usiku huo alijitoa kwenye kundi. Akahamishia kazi zake nyumbani, akirekodia chumbani chini ya blanketi ili upepo usisikike.

Eustace alipiga simu. Kabula akipokea, alisema, "Niko kazini," akakata. Winifrida alikwenda Milanzi kumwombea radhi. Alipewa chai na akaondoka bila jibu. Eustace naye aliendelea kuandika marehemu wa watu, ila kila alipofika kwenye neno "ameacha" alisimama, akatoka nje kuvuta hewa. Aliogopa kwamba Kabula alimwona sawasawa: mtu ambaye akikutazama anaona karatasi.

Mzee alitoka hospitali. Limbu akamsimulia yote huku anacheka. Siku hiyo hiyo simu ya Eustace iliita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ni wewe uliyeniua?"

"Ni mimi, mzee. Nisamehe."

"Njoo Jumapili. Uje na hayo maneno. Nataka kujua mmenisemaje."

Eustace alikwenda na suti yake ya kanisani. Mzee alikuwa anaota jua uani, koti zito mwilini. Kabula alitoka jikoni na dera la bluu, kichwa wazi, akasimama alipomwona.

"Mpe Kabula simu asome," mzee alimwambia Eustace. "Kusoma ni kazi yake."

"Baba, mimi sitasoma hicho kitu."

"Mimi niko hapa. Unaogopa nini?"

Alisoma, akitumia sauti ya redio, ile isiyo na mtu ndani. "Mzee Kashinje alihamia Rukwa akiswaga ng'ombe wake..."

"Kosa," mzee alisema. "Niliswaga ng'ombe wa watu. Wangu nimewapata hapa."

"Hukuwahi kutuambia, baba."

"Hamkuuliza. Huyu aliuliza, ila nilikuwa nakohoa, akasikia vibaya. Endelea."

"Alikuwa mtu mpole, asiyegombana na jirani..."

"Futa. Majirani watacheka kaburini."

Kabula alicheka kabla hajajizuia. Eustace alikuwa wima muda wote, kama mshitakiwa. Kisha Kabula akasoma, "Kila jioni aliwasha redio mapema, betri zikiwa dhaifu alizianika juani, asije akaikosa sauti ya binti yake Kabula." Sauti ya redio ilikatika hapo. Alijaribu tena, ikakatika tena.

Mzee alikuwa anatazama ukuta. "Hilo liache lilivyo," alisema. Akainuka taratibu, akaingia ndani kulala.

Wakabaki wawili na kuku wanaoparua.

"Futa ukitaka," Eustace alisema. "Sina nakala nyingine. Na Obed nimemwambia aondoe yake."

Kabula alikaa kwenye kiti cha baba yake. Kidole kilikuwa juu ya kioo cha simu, hakikushuka.

"Nimechoka, Eustace. Kukukasirikia nako ni kazi, na hainilipi."

"Hata mimi nimechoka."

"Uliyasikia wapi haya ya betri?"

"Aliniambia. Akaniomba nisikwambie."

Kabula alimrudishia simu. "Rekebisha hapo pa ng'ombe. Kisha uitunze mahali ambapo Obed hafiki." Alijifuta pua kwa upande wa dera. "Siku hiyo ikija mimi sitaweza kusoma. Umeona mwenyewe. Utasoma wewe. Lakini sitaki usome kama mwandishi aliyeitwa. Usome ukiwa umekaa na sisi, kwenye mkeka wetu."

Eustace alikaa chini, suti na yote, kwenye vumbi la uani. "Mkeka huo hawakai wageni, Kabula. Mpaka wazee wangu waje hapa kwanza, wazungumze na baba yako."

"Basi waambie waje," Kabula alisema. "Waje wakati bado yupo wa kuwapokea."