Mstari Ambao Haukumulikwa

Hakuna mtu kijijini kwetu anayejua joto la yai la bata kunishinda mimi. Nikiliegemeza yai kwenye kope la jicho, nakwambia kama limepoa, kama liko sawa, au kama linakaribia kuiva. Miaka arobaini nimefanya hivyo bila kukosea. Isipokuwa mwaka ule niliposinzia karibu na taa ya mafuta nikachemsha mayai mia mbili ya watu. Na mwaka uliofuata. Lakini hayo tuyaache, maana wenye mayai walishafariki na hawawezi kunisuta.

Naitwa Masrifah. Naishi na mjukuu wangu Hayatun, mwenye miaka kumi na mitatu, katika nyumba ya nguzo ukingoni mwa kinamasi, si mbali na mji wa Amuntai. Kazi yetu ni kutotolesha vifaranga wa bata. Majirani hutuletea mayai, nasi baada ya siku ishirini na nane huwarudishia vifaranga.

Zamani nilitumia pumba za mpunga na kope langu. Siku hizi tuna kabati la mbao lenye trei, taa nne, feni, na kibao cha umeme kidogo kama biskuti. Kibao hicho ndicho akili ya kabati, na akili hiyo aliitia Hayatun mwenyewe, alipokuwa akijifunza kuandika programu kwa Mwalimu Masdiana baada ya masomo. Unakitumia ujumbe wa mstari mmoja kwa simu, nacho kinatii. Mstari wenyewe ni kama huu: *joto 37.5 unyevu 60 geuza 4*. Maana yake, taa zizime joto likifika hapo, hewa iwe na unyevunyevu wa kiasi hicho, na mayai yageuzwe kila baada ya saa nne.

Mwezi ule kabatini mlikuwa na mayai mia tatu na kumi na mawili ya jirani yetu Saudah. Wiki moja baada ya kutuletea, maji ya kinamasi yalipanda ghafla yakazoa bata wake wote, hadi dume la mwisho. Alichobaki nacho duniani kwa upande wa bata ni yale mayai. Kila siku alikuja, akaweka kiganja kwenye mlango wa kabati, akaenda zake.

Siku ya ishirini, Hayatun aliamka kama kawaida, akayapoza mayai kidogo, akayanyunyizia maji, akafunga kabati, akavaa sare.

"Bibi, usiguse mashine," alisema akifunga viatu.

"Mimi na mashine wapi na wapi? Hata simu najua kupokea tu."

"Kope lako likikwambia kitu, subiri nirudi."

"Kope langu halina mdomo. Nenda, utachelewa."

Nilibaki na paka wetu, Belang. Baadaye nikavuka daraja la mbao kwenda kwa Saudah kukaanga ndizi. Tulikaa huko tukiwasengenya watu wawili watatu, hakuna haja ya kuwataja.

Mchana tulisikia kelele. Haikuwa kelele ya mtoto aliyeona nyoka, maana nyoka tumewazoea. Ilikuwa kelele ya mtu aliyefiwa.

"Bibi! Bibi, njoo! Mayai!"

Saudah aliangusha mwiko. Tulikimbia kwenye lile daraja mpaka mbao zikalia. Hayatun alikuwa amesimama mbele ya kabati, mkoba ungali mgongoni, uso umempauka kama mtu aliyemwagiwa majivu. Alikuwa amekwisha kuchomoa waya wa umeme. Mlangoni mlitoka joto la kuzibua pua.

"Ilikuwa imefika arobaini na moja," alisema. "Taa zote zilikuwa zinawaka. Na kioo cha kibao kilisema joto linalotakiwa ni mia tatu na sabini na nane!"

"Ngapi?" Saudah aliuliza.

"Mia tatu sabini na nane."

"Lakini hata mafuta ya ndizi zangu hayajafika huko!"

Nilichukua yai nikaliweka kwenye kope. Nililiondoa upesi kuliko nilivyoliweka. Saudah aliona. Akaketi sakafuni palepale, miguu imenyooka mbele kama mtoto.

"Masrifah," alisema polepole, "hao ndio bata wangu wote."

Tulizitoa trei barazani, tukayapepea mayai, tukayanyunyizia maji. Yalipopoa tukayaingiza chumba cha ndani, tukafunga madirisha, tukaanza kumulika. Unaliweka yai juu ya tochi, ndani kunang'aa wekundu, na kifaranga aliye hai unamwona akijitikisa.

La kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu, kimya. Saudah alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio. La nne, Hayatun alilishika muda mrefu hadi mkono ukamchoka.

"Anacheza," alinong'ona akimgeukia Saudah. "Mama mdogo, anacheza!"

Tulimulika yote. Arobaini na saba yalikuwa yamekufa. Mia mbili sitini na tano yalikuwa hai. Kama Hayatun angepitia dukani kununua barafu ya maji matamu siku ile, nadhani tungeyazika yote.

Saudah alifuta macho. "Basi ni umeme," alisema. "Umeme wa siku hizi unapanda na kushuka kama mgonjwa wa malaria."

"Kabisa, ni umeme," nikadakia mimi. Nilidakia upesi mno, nadhani.

Hapo palikuwa pepesi. Hayatun angeitikia tu, na kila mtu angekwenda kula. Lakini akaiweka tochi chini.

"Si umeme, Mama mdogo," alisema. "Ni kosa langu. Kuna mtu alituma mstari wenye thelathini na saba nukta nane, lakini akaweka koma badala ya nukta, kama tunavyoandika sokoni na darasani. Programu yangu haiijui koma. Iliiruka, ikaunganisha tarakimu zote. Mwalimu aliniambia niweke sehemu ya kukagua mstari kabla haujatumika. Nilimwambia nitaiweka. Sikuiweka. Niliona mstari wenyewe ni mfupi, nani atakosea?"

Saudah alimtazama mtoto, akanitazama mimi. "Yaani hicho kibao kiliambiwa mia tatu sabini na nane, na hakikushtuka?"

"Hakikushtuka."

"Hata mbuzi angeshtuka!"

"Na nani aliutuma?" Hayatun alikuwa akiipekua simu yake. "Mimi mara ya mwisho ni Jumatatu, na niliweka nukta."

"Labda paka," nikasema. "Belang hupenda kulala juu ya simu yangu."

"Paka aandike neno joto, halafu koma ikae mahali pake?"

"Paka wa siku hizi wamesoma."

Hayatun hakucheka. Alimpigia simu mwalimu wake, akamweleza kila kitu, hata kwamba ile sehemu ya kukagua hakuiweka.

Mwalimu Masdiana alifika alasiri na pikipiki yake, vumbi hadi kwenye nyusi. Nilitarajia atamgombeza. Alikagua kabati, akayaona mayai yaliyokufa kwenye kikapu. Kisha akanigeukia mimi.

"Bibi, mtu akikuletea mayai, huwa unayatia kabatini vilevile?"

"Astaghafirullah! Kwanza nayamulika. Lenye ufa silipokei. Likiozea ndani litapasuka na kuharibu trei nzima."

"Unamulika nusu, unaingiza, halafu unamulika nusu nyingine?"

"Mwalimu, mimi ni mzee, sijawa mjinga. Namulika yote mezani kwanza. Mlango haufunguliwi mpaka nimeridhika."

"Hata kama ni mayai ya dada yako unayemwamini?"

"Ya huyo ndiyo nayamulika mara mbili."

Mwalimu alimgeukia Hayatun. "Umesikia? Bibi yako anajua somo letu kunishinda. Mstari unaotoka nje ni kama mayai ya watu. Huutii ndani mpaka uumulike wote. Na programu iliyo chini kabisa, inayoshika taa na feni yenyewe, haina wa kuisahihisha chini yake. Ikiamini upuuzi, upuuzi unatendeka."

Hayatun alifuta machozi kwa mkono wa sare, akaketi na kompyuta ya mwalimu. Mayai yaliyosalia tuliyarudisha kabatini, nami nikakaa kuyapima kwa kope na kuziwasha na kuzizima taa kwa mkono, kama zamani. Kazi ya kope siku hiyo ilinirudishia heshima kidogo.

Jioni alimaliza. Sasa kibao kingesoma mstari mzima kwanza bila kugusa taa. Je, mambo yote matatu yamo? Je, kila namba ni namba kweli? Je, joto liko kati ya thelathini na thelathini na tisa? Yote yakiwa sawa, ndipo yanatumika kwa pamoja. Moja likiharibika, mstari wote unakataliwa, mipangilio ya zamani inabaki, na kibao kinalia mara tatu.

"Kwa nini usikifundishe koma pia?" Saudah aliuliza. "Si kielewe tu?"

"Leo nitakifundisha koma, kesho mtu ataweka kitu kingine," Hayatun alijibu. "Afadhali kikatae na kusema hakijaelewa, kuliko kukisia."

Tulikijaribu. Mwalimu alituma joto la mia tisa. *Tit, tit, tit.* Akatuma mstari usio na unyevu. *Tit, tit, tit.* Saudah aliomba simu, akaandika kwa kidole kimoja: *joto samaki*. Kibao kililia, naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu mafuriko.

Siku ya ishirini na nane ikafika. Asubuhi maganda yalianza kutoboka, na sauti ndogondogo zikajaa chumbani. Saudah alikaa mbele ya kabati, Belang mapajani, akihesabu vifaranga kwa sauti na kupoteza hesabu kwa raha. Mwalimu Masdiana naye alikuwapo. Nikaona huo ndio wakati wa mtu mzima kusema neno.

"Hayatun," nilisema, nikijikohoza, "umejifunza mambo mawili. La kwanza, kila kitu kinachotoka nje kikaguliwe chote kabla ya kukubaliwa, hata kikiwa kifupi, hata akikileta unayemwamini. Na la pili ndilo kubwa. Ulipokosea ulisema, ingawa umeme ulikuwa tayari kubeba lawama yako. Mtu akikosea asijifiche. Aseme."

"Maneno mazito," mwalimu alisema.

"Ni malezi," nikajibu kwa unyenyekevu.

Lakini wakati nikisema hayo nilikuwa nimeshika yai moja lililochelewa, na kope langu lilikuwa limeniambia kwamba waliobaki wanataka joto kidogo tu zaidi. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa chini ya saruni.

*Tit, tit, tit.*

Hayatun aliinama kwenye kioo cha kibao. Alisoma taratibu, na kadiri alivyosoma ndivyo macho yake yalivyozidi kutanuka.

"'Nimekataa. Joto 37,9. Sielewi. Nimebaki na mipangilio ya zamani.'" Akanitazama. "'Mtumaji: Bibi.'"

"Hicho cha mtumaji umekiongeza lini?" niliuliza.

"Juzi."

Saudah aligeuza shingo polepole. Mwalimu aligeuza shingo. Nikaibana simu kwa magoti, ikateleza, ikaanguka sakafuni na mwanga wake wote.

"Ni paka," nikasema.

Belang alikuwa mapajani mwa Saudah, amelala chali, miguu yote minne juu.