Udongo wa Nyuma ya Jiko

Kila asubuhi Mama Pacha alizoa majivu jikoni na kuyamwaga nyuma ya jiko. Hapo udongo ulikuwa mweusi na laini. Mboga zilistawi bila kubembelezwa.

Shambani mambo yalikuwa mengine. Mahindi yaliyopaswa kumpita mumewe kichwa yaliishia magotini. Kingo za majani zilikuwa za zambarau. Baba Pacha aling'oa shina moja, akalitupa.

"Maabara ilisema udongo wangu mzuri," akafoka. "Mzuri huu? Watoto watakula karatasi ya majibu?"

"Usinifokee mimi," mkewe akajibu. "Aliyepima ni dada yangu. Mfuate umfokee mwenyewe."

"Naenda. Na nikirudi, shamba hili nalikodisha. Nimechoka kulima vumbi."

"Ukilikodisha, wewe na wanao mtalima wapi? Kitandani?"

Dada yake Mama Pacha alikuwa mtaalamu wa udongo. Alianza kazi akiwa msichana, akitazama vijidudu vya udongo kwa hadubini, chombo kinachokuza vitu vidogo hadi vikaonekana. Baadaye akasomea kemia ya udongo. Sasa ana mvi, na kompyuta za maabara hufuata hesabu alizozitunga yeye. Watu humwita Mama Hadubini.

Baba Pacha aliingia bila hodi. "Shemeji, umeniua."

"Salamu umeiacha wapi?"

"Kwenye mahindi. Nenda ukaitafute."

Mama Hadubini hakucheka. Alichukua kopo lenye mabaki ya udongo aliokuwa ameletewa kupima, akaweka chembe chache chini ya hadubini. Akatazama. Akatazama tena. Kisha akasogeza kiti.

"Njoo uone shamba lako."

Baba Pacha akainama. Aliona vipande vyeusi, vyenye vitundu vitundu kama sega la nyuki.

"Mkaa huo," Mama Hadubini akasema. "Shamba lako linapika nini, shemeji?"

Baba Pacha akaondoa jicho kwenye hadubini.

"Ulichota wapi?"

"Nyuma ya jiko." Sauti ilikuwa imempungua. "Ningekuletea ule mwekundu wenye mawe, mbele ya wafanyakazi wenzako? Nami nina heshima yangu."

Mama Hadubini akagonga meza. "Heshima gani? Unaumwa wewe, halafu unampeleka jirani akatolewe damu. Akiambiwa mzima, unakuja kumgombeza daktari. Na mimi najikasirikia. Kompyuta ilionyesha udongo wako haufanani na wa majirani zako. Nikasema, huyu ni shemeji, hawezi kunidanganya. Nikaupitisha."

Wakatazamana, wote wamenuna.

"Sasa nisikilize," akaendelea. "Majivu hupunguza uchachu wa udongo. Wa shambani nahisi ni mchachu. Udongo mchachu huing'ang'ania mbolea, mizizi ikabaki na njaa. Lakini kuhisi si kupima. Chukua ndoo safi. Pita shamba zima kwa kupindapinda. Chimba hapa na pale, kina cha mizizi. Usichimbe njiani, wala penye lundo la samadi. Changanya wote, uanike kivulini, kisha niletee kiasi cha kujaza viganja."

"Hata penye mawe?"

"Hasa penye mawe."

Alifanya hivyo, huku akinung'unika kila alipochimba. Majibu yakatoka: udongo ni mchachu sana. Msimu ule ulikuwa umeshapotea, na nyumbani walikula kwa kujibana. Lakini mapema, kabla ya msimu uliofuata, waliuchanganya udongo na chokaa ya kilimo kwa kipimo walichopewa na maabara. Wakapanda. Mahindi yakampita Baba Pacha kichwa, na pacha wakacheza kujificha humo ndani. Habari ya kukodisha shamba haikutajwa tena.

Siku moja Baba Pacha alimkuta jirani yao, fundi cherehani, akichota udongo kando ya banda la mbuzi.

"Wa nini huo?"

"Wa kupeleka maabara. Nimechagua mzuri."

Baba Pacha alimpokonya ndoo, akaumwaga wote chini.

"Wewe, una wazimu?"

"Ninao. Chukua jembe, twende shambani. Tunaanzia penye mawe."