Vipande vya Uani

Jua lilikuwa linazama. Nilikuwa dukani kwangu Mtendeni nakata video ya harusi ya Kwihara, mguu wa kulia nimeuweka juu ya kigoda. Umevimba tangu siku ya harusi hiyo. Hospitali wamepima weee, hawaoni kitu, na wiki hii daktari ameanza kutaja kuukata. Mimi, Maua, nitapiga video kwa mguu mmoja?

"Shoga, futa vipande vya ovyo, diski imejaa," Ummy alinisisitiza kabla hajaenda kunichukulia dawa. "Vile vya uani vyote futa. Usihangaike hata kuviangalia."

Ummy ndiye mbeba taa wangu. Tumekula sahani moja tangu madrasa, na mguu huu anaukanda yeye kila jioni. Siku hizi ana kichekesho kimoja, kizingiti cha duka langu hakikanyagi, anakiruka. Namtania, "We mbuzi nini?" Anacheka.

Video za ngoma za wanawake tunapiga sisi wanawake, na mikekani hatuingii na viatu. Siku ile ya harusi niliitwa kula pilau, nikaingia ndani pekupeku, kamera nikaisahau uani kwenye stendi, inarekodi. Saa nzima ya ua mtupu! Nani anaitaka? Nikafuta.

Diski ikabaki imejaa.

Nikafuta tena. Kipande kikarudi... kikaanza kucheza chenyewe.

Ua. Mchanga. Nyayo zangu, kutoka kwenye stendi hadi mlangoni. Kimya... Akatokea Ummy. Akaangaza huku na huku, akachuchumaa, akachota mchanga wa unyayo wangu wa kulia, akaufunga kwenye pindo la kanga.

"Ummy? Ummy wangu mimi?" Nililia kwa sauti, na wala sikuona haya. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako!

Alipoondoka, kamera ikamfuata.

Wallahi, ikamfuata! Ikashuka chini chini, usawa wa goti, ikapita nyuma ya nyumba ikimwandama taratibu. Kwenye spika mtu alikuwa anahema. Hakuwa Ummy.

Picha ikaruka. Nikaona mlango wangu. Huu huu wa duka. Ummy amepiga magoti, amefungua pindo la kanga, anaufukia ule mchanga chini ya kizingiti. Kisha akageuka, macho yamemtoka, akaitazama kamera.

"Nimekuletea Maua," alinong'ona. "Mchukue yeye. Mimi niache."

Nikazima kompyuta kwa kung'oa waya. Harufu ya ubani ikajaa dukani, na sijachoma ubani.

Hodi...

Ummy akaruka kizingiti, kichupa mkononi. Akakaa chini, akaushika mguu wangu kama kila siku, kwa upole ule ule. Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka kumuuliza, nilikukosea nini? Akaniwahi yeye.

"Umeshafuta, shoga?"

"Nimefuta."

"Hukuangalia?"

"Sikuangalia."

Machozi yakamlengalenga. Sijui ni ya huruma au ya nafuu. Akaendelea kukanda.

Skrini ilikuwa nyeusi, spika hazina umeme. Lakini kule kuhema nilikuwa nakusikia bado... chini ya meza, karibu kabisa na mguu wangu.

Ummy naye alikusikia. Akainamisha kichwa kuelekea kule chini ya meza.

"Vumilia," akanong'ona. "Hajui kitu."