Panya wa Kadi Nyekundu

Kila alasiri, shule ikifungwa, Kidoti alipitia kazini kwa shangazi yake. Jina hilo alilipata kwa sababu ya doa dogo jeusi juu ya mdomo, na mdomo wenyewe haukuwa na likizo: aliuliza maswali tangu getini hadi ndani. Shangazi alikuwa mtunza panya katika maabara ya utafiti. Majirani walimtania kwamba anawalisha wale ambao wao wanawakimbiza kwa ufagio, naye alicheka pamoja nao.

Kidoti alisaidia kusuuza chupa za maji katika chumba cha nje. Chumba cha vizimba hakuruhusiwa kuingia. Hata hivyo, shangazi alimweleza habari za panya wale mpaka zikamkaa kichwani. Wote walikuwa weupe, wenye macho mekundu. Lakini wale ambao vizimba vyao vilibandikwa kadi nyekundu walikuwa wamebadilishwa vinasaba hata kabla ya kuzaliwa. Sehemu ya ubongo inayopokea pombe na dawa ya usingizi, kwao ilikuwa nzito kusikia. Panya wa kawaida akipewa dawa kidogo hulala fofofo; wa kadi nyekundu hupewa nyingi ndipo asinzie. Kwa kuwalinganisha, wataalamu hujifunza kwa nini mlevi hupepesuka, na kwa nini mgonjwa hahisi kisu anapopasuliwa.

Siku hiyo shangazi aliitwa kupokea magunia ya chakula, akatoka mbio bila kufunga mlango wa chumba cha vizimba. Kidoti aliendelea kusuuza, lakini macho yalikuwa mlangoni. Alitaka kuiona hiyo tofauti kwa macho yake mwenyewe. Akaingia, akamtoa panya wa kizimba cha kadi nyekundu na jirani yake wa kawaida, wa kadi nyeupe, akawaweka mezani ubavu kwa ubavu.

Tofauti hakuiona. Alichoona ni mikia miwili ikitokomea nyuma ya ndoo. Aliwafukuza kwa magoti, jasho likimtoka, hadi akawanasa, mmoja mkono huu na mmoja mkono ule. Hapo roho ikamruka. Wa kadi nyekundu alikuwa yupi? Panya hao walikuwa wageni, bado hawajatobolewa masikio kuwekewa alama kama wenzao. Kilichowatambulisha ni kadi tu. Akasikia viatu vya shangazi vikikaribia. Akabahatisha, akafunga vizimba, akarudi kwenye chupa zake.

Nyuma ya shangazi aliingia daktari wa utafiti, mama mrefu asiye na maneno mengi. Aliagiza panya yule yule wa kadi nyekundu aletwe mezani, kisha akaanza kuvuta dawa kwenye bomba la sindano. Kupitia mlango uliokuwa wazi, Kidoti aliona dawa ikipanda, ikipanda tena. Kama aliyeshikwa ni panya wa kawaida, asingeamka kamwe.

"Kuna mtu aliyegusa vizimba leo?" daktari aliuliza.

"Hakuna, daktari. Ni mimi peke yangu," shangazi akajibu kwa uhakika.

Kidoti aliweka chupa chini. Akisema, shangazi atafukuzwa kazi, na huyo ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Daktari alimgeuza panya, akamshika vizuri shingoni, akasogeza sindano.

"Daktari, naomba usimchome." Kidoti alikuwa amesimama mlangoni, mikono ikichuruzika maji. "Huenda siye. Niliwatoa wawili, wakanitoroka. Nilipowarudisha nilibahatisha tu."

Sindano ilisimama hewani. Shangazi aliketi kwenye stuli. Akakiri kwa sauti ndogo kwamba mlango aliuacha wazi yeye. Daktari hakugomba. Aliweka sindano chini, akakata ncha ndogo ya mkia wa kila panya ili vinasaba vipimwe, akawaambia waende nyumbani.

Siku za kusubiri majibu zilikuwa chungu. Shangazi hakumchapa wala hakumkaripia. Hilo lilimuumiza Kidoti kuliko fimbo. Alilia usiku, akiogopa kwamba amemponza mtu ampendaye kuliko wote.

Hatimaye waliitwa wote wawili. Daktari alimwambia shangazi kwamba amepewa onyo kali, lakini kazi yake ipo. Kidoti naye hatakanyaga tena maabara bila ruhusa. Kisha akainama kidogo ili watazamane.

"Ulibahatisha vibaya," alisema. "Niliyemshika alikuwa panya wa kawaida."

Kidoti aliomba radhi huku machozi yakimlengalenga.

"Sikiliza, mwanangu. Ningemchoma, angekufa. Halafu ningewaambia wenzangu kwamba hata panya wetu wa kadi nyekundu huuawa na dawa ile, nao wangeniamini. Siku moja mtu angelala kitandani kupasuliwa, akapimiwa dawa kwa kufuata maneno yangu ya uongo, na mimi nisijue kwamba ni uongo. Kosa lako limetuchelewesha tu. Kimya chako kingetupoteza. Ukikosea, sema mapema, hata kama unatetemeka, wakati bado kuna cha kuokoa."