Roshani Inayoita

Brayani alikuwa na miaka minne na kichwa kigumu kama cha mjomba wake. Alikokota kiti mpaka ukingoni mwa roshani, akapanda, akaweka goti moja juu ya bomba la ukingo. Chini yake kulikuwa na ghorofa kumi na nne, halafu maji. Mama yake hayupo, kaacha mlango wa roshani wazi. Yuko kwenye bwawa la kuogelea upande wa pili wa meli, amelala chali na vipande vya tango machoni.

Ukingo ukaamka. Yaani uliamka kweli. Bomba likanyanyuka kama shingo ya mbuni, likajikunja kuelekea ndani, likamsukuma mtoto pole pole mpaka kiti kikarudi nyuma. Halafu, kutoka ndani ya lile bomba, ikatoka sauti ya mama yake, ileile, na ukali wake wote:

"Wewe Brayani! Shuka hapo kabla sijaja! Nahesabu mpaka tatu! Moja!"

Brayani hakusubiri mbili. Alishuka akakimbilia chini ya kitanda, akakaa humo kimya, huku mama yake kule bwawani anageuza tango.

Hiyo ndo ilikuwa meli ya Mbalamwezi, na hicho ndo kitu kilichofanya familia zigombanie vyumba vyake.

Maana zamani meli za kitalii zilikuwa mtihani kwa wazazi. Unaenda kupumzika, hupumziki. Chumba kina roshani, roshani ina upepo mtamu, na mtoto ana miguu. Baba analala jicho moja wazi. Mama anafunga kitasa kwa khanga, fundo juu ya fundo, na bado anaamka kwenda kulishika fundo kama lipo. Kuna waliomfunga mtoto mtandio kiunoni kama mbuzi wa sikukuu. Wengine waliomba chumba kisicho na dirisha kabisa, wakazunguka Komoro na Shelisheli na kurudi Mtwara bila kuiona bahari.

Ndipo ukaja ukingo-hai. Ndani ya bomba kuna misuli-chuma, nyuzi nyembamba zinazojikaza zikipitiwa na umeme, kama msuli wa mkono wako unavyojikaza. Juu ya mlango kuna jicho-roshani, linaangalia tu: kuna mtoto? Yuko peke yake? Akiwa na mkubwa pembeni, mashine inanyamaza, kwa sababu hapo kazi ni ya mzazi. Akiwa peke yake na akasogea, bomba linanyanyuka na sauti-mzazi inaita.

Hiyo sauti ndo ilikuwa akili yenyewe. Aliyeibuni ni Sikudhani Chilumba, injinia wa sauti, mtu wa Masasi. Mwanzo walijaribu king'ora, watoto wakacheza. Wakajaribu sauti ya askari, watoto wakapiga saluti. Sikudhani akasema, jamani, mtoto anamwogopa nani duniani? Basi wakajenga chumba cha sauti bandarini. Kila mzazi anaingia, anaambiwa: mwite mwanao kama vile anaenda kushika sufuria ya moto. Mzazi anapayuka. Mashine inachukua kila kitu, anavyomwita, anavyomtisha, anavyombembeleza, halafu yenyewe inajua kupanga maneno kulingana na anachofanya mtoto muda ule.

Sikudhani alikuwa anasafiri na meli, anazisikiliza sauti hizo siku nzima kwenye spika za masikioni. Alizijua sauti za akina mama wote wa Mbalamwezi. Wa kwake mwenyewe alikuwa Masasi, na simu zake zilikuwa zinakatika katikati ya salamu.

Sasa asubuhi moja, wakiwa wameshaiacha Mtwara mbali, Hatibu, kijana wa zamu anayeangalia ubao wa taa, akazungusha kiti chake.

"Dada Siku, kuna chumba kule pembeni ghorofa ya juu kinaita tu. Tangu watu wanakunywa chai. Huyo mtoto ana sumaku au?"

"Hebu niunganishe."

Hatibu akabonyeza. Ikaja sauti ya mwanamke, nyororo, ina kicheko kwa chini lakini hofu ndani yake:

"Mama mkwe! Mama mkwe wangu, rudi ndani jamani. Ukidondoka hapo nitamwambia nini mwanao?"

Wakatazamana. Hatibu akaangua kicheko mpaka akashika meza. "Mama mkwe! Dada, huyo mtoto ana miaka sita!"

Sikudhani hakucheka. "Sauti zimeingiliana. Kuna bibi mmoja humu melini kasafiri na mke wa mwanae, mashine imewachanganya. Zima sauti ya hicho chumba."

"Nizime kabisa?"

"Ukingo si upo? Utamzuia. Mimi natafuta sauti yake halisi, mchana naiweka."

Hatibu akazima.

Tatizo ni kwamba misuli-chuma inachoka kama misuli mingine. Ikinyanyuka mara moja, inapoa, inakuwa sawa. Lakini kinachomshusha mtoto ni ile sauti. Bila sauti mtoto hashuki, na asiposhuka bomba linabaki limejikaza, linapata moto, linalegea.

Kwenye ubao taa ya kile chumba ikatoka kijani ikawa njano. Hatibu akadhani inatania. Ikawa nyekundu.

"Dada Siku! Huyu hashuki! Ubao unaonyesha anapanda tena, anapanda juu ya bomba lenyewe!"

Sikudhani aliacha spika zinaning'inia mezani. Alikimbia ngazi badala ya lifti, akafungua mlango wa chumba kwa ufunguo wa mafundi, akaingia bila hodi.

Alimkuta mwanaume kakaa sakafuni kwenye roshani, mgongo ukutani, pazia limechanika nusu, kipande kiko mabegani kwake. Amemkumbatia binti mdogo. Bomba la ukingo limepinda nje nusu, linatoa harufu ya chuma cha moto. Mtoto hakuwa na hofu hata kidogo. Mtoto alikuwa na hasira, anampiga baba yake ngumi za kifuani:

"Haniiti! Baba, leo haniiti!"

Mwanaume aliitwa Mbonea Mshana, mtu wa Same. Binti yake ni Nakijwa. Walipoingia ndani na mlango kufungwa, Sikudhani alikosa pa kuweka mikono yake.

"Kaka, mimi ndo nimekosa. Mimi ndo niliyezima sauti. Nilisikia mtoto anaitwa mama mkwe, nikajua mashine imechanganya watu."

Mbonea akamwangalia. Akacheka kidogo.

"Haikuchanganya, dada. Kwetu binti wa kwanza anapewa jina la bibi mzaa baba. Nakijwa ni jina la mama yangu mzazi. Kwa hiyo mke wangu alikuwa anamtania tangu yuko mgongoni. Akimlisha uji, 'Mama mkwe, sukari imetosha au unaenda kunisema kwa majirani?' Akimchapa kofi la mkono, 'Samahani mama mkwe, heshima imenishinda.' Hakuwahi kumwita jina lake. Sijui kama hata mtoto alijua ana jina."

"Ninalo," Nakijwa akasema, yuko kitandani, bado amenuna.

"Basi mwambie mama aje," Sikudhani akasema, ameanza kupumua. "Nimuombe radhi, na turekodi upya maana hii imepiga kelele mno."

Mbonea akaangalia kapeti.

"Hiyo sauti ni ya mwaka jana. Mwaka jana tulipanda watatu."

Sikudhani akaelewa taratibu, kama mtu anayepandwa na baridi. Meli ilikuwa inatunza sauti za wateja wa zamani, wakirudi wasisumbuke bandarini. Yeye mwenyewe ndo aliyependekeza.

"Mke wangu Namsifu aliondoka wakati wa vuli," Mbonea akasema. "Moyo. Alikuwa anaanika nguo."

"Pole, kaka. Pole sana. Na... video zake hamna?"

"Zimejaa. Lakini kwenye video anaongea na simu. Anasema keki tamu, anasema heri ya mwaka mpya. Ameshasema, amemaliza. Hapa anamwona mtoto alipo. Mtoto akishika bomba anamwambia achia. Akicheka anamwambia usicheke, sitanii. Dada, kwenye hiyo roshani mke wangu bado anaongea."

Nakijwa akadakia, "Jana kaniambia nivae sweta." Alisema kama mtu anayetoa taarifa ya kawaida tu.

Sikudhani akageuka mlangoni ili machozi yake yasionekane. Ndipo akaona komeo. Milango yote ya roshani ya Mbalamwezi ilikuwa na komeo juu kabisa, hata mama mfupi anaruka kulishika. Akaangalia kimo cha mtoto. Akaangalia pazia lililochanika, lilivyokuwa linaning'inia pale pale pembeni mwa mlango.

"Kaka Mbonea. Nani alimfungulia?"

Mbonea akakitoa kile kipande cha pazia mabegani.

"Mimi," akasema.

"Umesemaje?"

"Mimi namfungulia. Halafu nasimama nyuma ya pazia ili lile jicho lisinione. Mimi hainiiti, dada. Nimejaribu. Jana alfajiri nimepanda mwenyewe juu ya bomba, mtu mzima na suruali yangu. Ikaniambia, 'Mheshimiwa abiria, tafadhali zingatia usalama wako.' Sauti ya mwanaume hata simjui."

"Una akili kweli wewe?" Sikudhani alipaza sauti mpaka Nakijwa akaketi. "Unamfanya mwanao chambo? Watu humu wanalala na wasiwasi wa hiyo roshani, wewe unamfungulia?"

"Mkono wangu ulikuwa unamfikia."

"Ulikuwa unamfikia!"

"Nilidhani unamfikia," Mbonea akasema. Akaviangalia vidole vyake, vilikuwa na nyuzi za pazia kwenye kucha. "Leo nilishika gauni. Ni gauni tu nililoshika, dada."

Redio ndogo ya Sikudhani ikakwaruza. Ni Hatibu. "Dada, mtoto mzima? Kapteni kashapata habari. Anasema hiyo sauti ifutwe sasa hivi, mambo ya kuita hovyo hataki."

Sikudhani alikuwa na kidude cha mafundi mfukoni. Akakitoa, jina la Namsifu likaja kwenye kioo, na chini yake alama ya kufuta. Ni kugusa tu.

"Si unaweza kunitolea?" Mbonea akauliza haraka. "Iweke kwenye simu yangu. Iweke popote. Iwe inamwita hata akiwa kitandani."

"Itamwitia nini kitandani? Haijui kitu kingine, kaka. Haikuchukua hadithi wala nyimbo. Inajua rudi, shuka, utaanguka. Na inaita mtoto akiwa peke yake tu, yuko hatarini. Ukimsogelea, inanyamaza." Akakiangalia kidude mkononi. "Hakuna aliyeivunja. Mimi ndo niliitengeneza hivyo."

Alikuwa ameitengeneza hivyo kwa nia njema. Alikuwa amewawazia wazazi wanaoogopa. Hakuwahi kumuwazia anayetamani.

"Kwa hiyo ili aongee..." Mbonea akasema.

"Ili aongee inabidi umwache."

Hatibu akakwaruza tena, "Dada Siku? Imefutwa?" Kidole cha Sikudhani kilikuwa juu ya kioo.

"Usifute," Mbonea akasema.

"Kaka, usinitie matatani. Huyu atapanda tena kesho."

"Usifute, nakuomba. Sauti yangu mimi haimo humo, hatukurekodi, mwaka jana mama yake alisema moja inatosha. Sasa siku nikisinzia nani atamwita?" Akasimama. Akalishika lile pazia akalivuta likatoka lote, na fimbo yake, akalitupa kitandani. Mwanga wa asubuhi ukajaa chumbani. "Ila mimi sikai tena huku nyuma. Nakijwa, njoo mama."

Akafungua komeo. Akatoka nje na binti yake amemshika mkono, wakaenda mpaka ukingoni, mahali ambapo bomba halijapinda.

Sikudhani akabaki mlangoni. Akaiwasha upya sauti ya chumba kile, akahakikisha, ilikuwa imewaka. Juu ya kichwa chake jicho-roshani likawaangalia wale wawili. Mkubwa, mtoto, mkono kwa mkono. Taa ikakaa kijani.

Hakuna kilichoita.

Bahari ilikuwa buluu mpaka inaumiza. Mahali fulani ghorofa za chini watoto wa watu walikuwa wanapiga kelele bwawani. Nakijwa akainamisha kichwa, akaweka sikio kwenye bomba. Akasubiri. Akabadilisha sikio.

"Baba."

"Naam."

"Niachie kidogo. Nikiwa peke yangu ndo anaita."

"Najua."

"Kidogo tu, baba. Nisikie halafu unishike."

Redioni Hatibu alikuwa anauliza tena amwambie nini kapteni. Sikudhani akapunguza sauti ya redio mpaka ikaisha, akakirudisha kidude mfukoni.

Mbonea hakumwachia. Alipiga magoti, akaweka na yeye sikio lake pale karibu na la binti yake, vidole vyake vimeng'ang'ania ule mkono mdogo, na wote wawili wakabaki wanasikiliza chuma, bado kina joto.