Kichekecheo cha Nuru

Kichekecheo cha nuru kilipepeta seli elfu thelathini kwa sekunde. Kila seli ilipita peke yake ndani ya tone, rangi-mng'ao ikiwa imeng'ang'ania vinasaba vyake. Mwale wa urujuanimno uliipiga, ikawaka buluu. Mashine ikasoma mng'ao, ikabakiza zile tu zenye uwezo wa kujenga jicho jipya.

Iringa ya mwaka 2094 haikuwa na bingwa wa mashine hiyo kama Dkt. Sikudhani Mbwilo. Ubao wa maabara ulionyesha usafi wa seli zake: asilimia tisini na saba. Leokadia Kessy, ambaye Sikudhani mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, aliambulia themanini na tisa. Lakini wagonjwa wakishafunguliwa bandeji walimuulizia nani? Leokadia! Walimletea maparachichi. Mmoja alimpa mwanawe jina lake. Wivu ulimla Sikudhani.

Ndipo ikaletwa sampuli ya Bi Tabia Kalinga, fundi cherehani aliyeungua macho yote mawili kwa mvuke. Kilikuwa kipande kimoja tu cha utando wa jicho kilichosalia kizima. Hapakuwa na kingine cha kukata.

"Leo watanitambua," Sikudhani alijisemea. Akazidisha rangi mara mbili, akapandisha miale hadi mwisho. Ubao ukaandika tisini na tisa nukta tisa. Wenzake walipiga makofi, Leokadia kuliko wote, jambo lililomkera zaidi.

Siku ya tatu hakuna seli iliyogawanyika. Siku ya tano zote zilikuwa zimesinyaa.

"Dada Siku, uliweka miale kiasi gani?" Leokadia aliuliza.

"Yote."

Leokadia alishusha pumzi. "Rangi inavishika vinasaba, halafu miale inavikata palepale. Ndiyo maana mimi huweka kidogo vyote viwili. Seli chache zisizofaa zinanipita, lakini nzima zinabaki hai."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikueleza mwezi wa tatu. Ukaniambia nikatazame ubao."

Sikudhani alikichukua kisahani cha seli.

"Nikamwambie mimi Bi Tabia?" Leokadia aliuliza taratibu.

Angemwambia vizuri, kwa upole wake ule. Hata hapo, kisahani cha seli zilizokufa kikiwa mkononi, Sikudhani alimwonea wivu.

"Mgonjwa ni wangu," alisema, akaenda wodini.

Bi Tabia alisikia mlango, akageuza uso wenye bandeji, akatabasamu.

"Ni wewe, Leokadia?"

Sikudhani alitamani, kwa moyo wake wote, kuitika.