Udongo Uliokataa Kutulia

Binamu yangu Wamboi alikuwa anaonja udongo. Usishangae. Wengine wakitaka rangi huenda dukani wakasoma maandishi ya mkebe. Yeye alibana chembe kwa meno ya mbele, akaisaga, akatema. Ikilia, bado ina mchanga, irudi majini. Ikiteleza kimya, imeiva. Kamenu nzima hakuna aliyemshinda kwa kazi hiyo.

Siku ninayoikumbuka zaidi ilikuwa Jumanne ya kawaida tu. Nilimkuta uani na mwenzake wa kazi, Bedan, ndoo zimepangwa kivulini. Udongo mwekundu waliuponda kwa jiwe, wakauloweka, wakaukoroga. Mchanga ukazama, na yale maji mazito wakayamimina ndoo ya pili, wakayaacha yatulie mpaka rangi ikae chini na maji safi yabaki juu. Baadaye ile rangi huanikwa, husagwa, huchanganywa na mafuta, ukapaka ukuta wako. Wamboi alinipa mwiko nikoroge, akanicheka kwamba nakoroga kama ninayempikia mgonjwa uji. Bedan hakucheka. Alikuwa kwenye simu na hoteli moja ya Kamakis iliyotaka kuta zake zote ziwe na nyekundu hiyo, tena haraka.

Nyekundu hiyo ilipatikana mahali pamoja pekee, kwari moja ya kuchimba mawe iliyoachwa ng'ambo ya Mwihoko, mkanda mwembamba chini ya ukuta wa mawe. Mvua za Aprili zilikuwa zimeulegeza ukuta huo. Wamboi alisema watangoja pakauke. Nilimsikia kwa masikio yangu mwenyewe.

Alhamisi hakurudi nyumbani.

Bedan alituambia amepata kazi Mombasa, ameondoka bila kuaga kwa sababu hakutaka mama yake alie. Simu yake ilikuwa imezimwa. Polisi waliandika maelezo, wakatukumbusha kwamba mtu mzima huenda anakotaka. Tata Magdalene, shangazi yangu na mama yake Wamboi, hakubishana nao. Tulipotoka nje alinishika mkono.

"Kui, huyu mtoto amekufa. Mimi nataka tu kujua ako wapi, nimzike."

Hicho ndicho tulichotafuta miezi saba. Hospitali, mochari, jamaa wa Mombasa, kote hakuna. Hoteli ilipata kuta zake, na Bedan akapigwa picha mbele yake ametabasamu. Nilimchukia, na sioni haya kusema hivyo.

Novemba hoteli ilijenga ukumbi mwingine, ikataka rangi tena. Jumatano moja, saa nane mchana, nilipita kwa Bedan kumuuliza lile swali langu la kila mara. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki, anaitazama ndoo.

Maji yalikuwa yanazunguka.

"Nani amekoroga?" nikauliza.

"Hakuna mtu. Hii maji imekataa kutulia."

"Tangu lini?"

"Jumamosi."

Niliingiza mwiko nikauzuia mzunguko. Maji yakasimama. Kisha yakaanza kuzunguka upande wa pili, polepole, na mwiko ukanitoka mkononi.

Bedan alichota udongo kidogo kwenye karatasi alikokuwa ameuanika, akautia menoni kama alivyofundishwa na Wamboi. Haukulia. Nikangoja ateme. Hakutema. Niliona koo lake likishuka na kupanda. Akafuta mdomo kwa mkono wa shati, akachota tena.

Wiki moja baadaye jirani yake, Mwanzia, alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Kui, kuja uone huyu mtu. Halali, hali chakula. Anakula ukuta."

Nilifika adhuhuri. Jua lilikuwa kali hata mbwa wa ploti wamejificha. Bedan alikuwa amepiga magoti sebuleni, anaukwaruza kwa kucha ukuta alioupaka mwenyewe. Ulimi wake ulikuwa mwekundu. Meno pia. Alipokohoa hayakutoka mate, lilitoka vumbi kavu.

"Ananiita," akanong'ona.

"Nani?"

"Si unajua."

Akashika tumbo. Nami nilisikia. Haki ya Mungu, nilisikia. Ilikuwa sauti ya mwanamke, mbali sana, kama ya mtu aliye ndani ya tangi.

Sikukimbia. Miezi saba si mchezo.

"Sema," nikamwambia.

Alisema. Siku ile alimwamuru Wamboi aingie chini ya ukuta. Wamboi akakataa. Bedan akamwambia kama ni mwoga, basi kazi ya hoteli atapewa mtu mwingine. Wamboi akaingia. Ukuta ukaanguka.

"Alikufa hapo hapo?"

Akatikisa kichwa.

"Alikuwa anaita. Mimi nilikuwa juu, namsikia. Kulikuwa na mafundi wanachonga mawe kwari ya jirani, karibu tu."

"Mbona hukuwaita?"

"Wangeuliza ni nani alimtuma huko chini." Akalamba midomo. "Nikaenda zangu. Halafu juzi rangi ikaisha, nikarudi kuchimba hapo hapo. Kui, nipatie maji. Nipeleke hospitali."

Maji yalikuwa mezani, jagi zima. Ningempa. Mtu mwema angempa. Mimi nilichukua ile karatasi ya udongo nikaisukuma mbele yake.

"Hapo hapo ni wapi? Kula ukinionyesha."

Akala. Akachora sakafuni kwa kidole, huku anakula, huku analia. Sikumhurumia hata kidogo.

Tulienda na polisi kesho yake asubuhi, na nusu ya majirani wakatufuata na majembe. Bedan alikuwa amefungwa pingu. Saa saba mchana jembe la Mwanzia likagusa gambuti. Tata Magdalene aliteremka shimoni mwenyewe, akakipangusa kwa kiganja kitambaa cha kichwa cha maiti, akasema, "Ni yeye." Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu Aprili, na sisi wote tukalia naye.

Walipomwinua Wamboi tuliona kingine.

Pembeni yake, udongo ulikuwa na umbo. Umbo la mtu aliyelala ubavu, magoti yamekunjwa, anamtazama. Bega lilionekana. Sikio lilionekana. Ndani hamkuwa na kitu. Hapakuwa na alama ya jembe wala ya kucha, palikuwa laini kama bakuli. Mguu wa kushoto haukuwa na kidole gumba.

Bedan hana kidole gumba cha mguu wa kushoto. Kilikatika akiwa mtoto, kwao Gatundu.

Afisa mmoja aliamuru shimo lifukiwe, na hakuna aliyeinua jembe. Bedan aliliangalia lile umbo, akageuka kwangu, akaninong'oneza, "Usiniache." Nilitazama pembeni.

Tulimzika Wamboi Jumamosi, kwa heshima zote, nyuma ya nyumba ya mama yake. Jumanne iliyofuata Bedan alikutwa amekufa kwenye seli, mchana, peke yake. Sakafu ya seli ni saruji. Kuta ni saruji. Kinywa chake kilikuwa kimeshindiliwa udongo mwekundu mpaka mataya yameachana.

Kwao walimzika Gatundu. Nilienda. Watu walidhani nimesamehe, wakanisifu. Mimi nilitaka kuliona jeneza likishuka, na nililiona.

Baada ya mazishi hayo nilirudi kwari, peke yangu, jua la utosi. Sijui nilifuata nini. Shimo lilikuwa wazi kama tulivyoliacha. Lakini lile umbo la pembeni lilikuwa limejaa. Lilikuwa limejaa hadi ukingoni, limesawazishwa, na pande zote hapakuwa na unyayo wa mtu wala tone la mvua.

Nilipiga magoti, nikaweka sikio.

"Kui."

Ilitoka chini, hafifu, imezibwa. Naijua sauti hiyo, ni ya Bedan.

"Kui, niko hapa. Ita watu."

Mafundi walikuwa karibu. Nilisikia nyundo zao zikigonga mawe, na mmoja wao akipiga mluzi. Ilikuwa ni kupaza sauti tu.

Nikasimama. Nikakung'uta magoti. Nikaenda zangu.